Joto la Kona ya Ng'ombe

Nilirudi nyumbani Maretadu wakati wa baridi, begi la nguo mkono mmoja, sanduku la vioo mkono wa pili, na nilikuwa nimepanga kulala usiku mmoja tu. Kesho yake ilikuwa niende uwanda wa Hanang, kwenye mojawapo ya yale mashamba makubwa ya ngano ya serikali, ambako mtu niliyesoma naye sekondari alikuwa mkuu wa maabara ya udongo. Miaka ile mashamba yale yalikuwa na nguvu zake. Yalikuwa na karakana, jenereta, na maabara yenye kitu ambacho chuo kikuu changu hakikuwa nacho tena: beseni la umeme linaloshika joto. Ukiliwekea nyuzi arobaini linakaa arobaini mpaka ulizime mwenyewe. La kwetu chuoni lilikuwa limeungua, na kwa muda mrefu nilikuwa nikihangaika na jiko la umeme lililopanda joto kama mtu aliyetukanwa.

Kazi yangu ilikuwa kuotesha utando mwembamba juu ya kioo. Unachukua mrututu, ule ule wa buluu ambao wafugaji wanaoshea kwato za mbuzi, unauyeyusha kwenye maji safi. Unaongeza chumvi nyeupe ambayo wapiga picha wanaiita haipo. Buluu inafifia mpaka maji yanakuwa meupe, na hapo unasimamisha vipande vya kioo ndani yake na kusubiri. Shaba iliyomo kwenye mrututu inakutana na salfa iliyomo kwenye haipo, na zikikutana juu ya kioo, chembe kwa chembe, zinajenga ngozi nyembamba kuliko chochote unachoweza kukishika. Ngozi hiyo inaitwa nusu kipitishi. Haipitishi umeme ovyo kama waya, wala haiukatai kama kioo kitupu. Dirisha lenye ngozi hiyo linaingiza mwanga na kuzuia sehemu kubwa ya ukali wa jua, na siku zile tulikuwa na matumaini makubwa nayo.

Shida yote ni joto. Joto likizidi, shaba na salfa hazisubiri kufika kwenye kioo. Zinakutana huko huko majini kwa haraka, zinakuwa vumbi jeusi, na vumbi hilo linatua kwenye kioo kama masizi. Ukipitisha kidole, linatoka lote. Joto likipungua mno, hazikutani kabisa, unakaa unatazama maji. Katikati hapo kuna mahali pake, na kazi yangu ilikuwa kupaonyesha kwa vioo vilivyooteshwa kwenye joto mbalimbali. Msimamizi wangu, mtu asiyezunguka maneno, aliniambia kabla hatujafunga chuo: likizo ikiisha uje na vioo hivyo, vyenye utando usiofutika kwa kidole, la sivyo nafasi yako nampa mwingine, nawe urudi kufundisha. Sikuwa nadharau ualimu, nilikuwa nimeufanya kwa miaka. Ila utando ule nilikuwa nimeutaka kwa roho yangu yote, na mpaka siku ile sikuwa na kioo hata kimoja cha kuonyesha.

Basi nilishushwa na gari juu ya kilima, na kwa kuwa sanduku lilikuwa zito nilikata njia katikati ya shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa. Kwa hiyo sikupita kwa jirani yeyote. Ningepita njia ya kawaida ningeambiwa.

Nyumba yetu ilikuwa bado ile ya zamani ya udongo na miti, ng'ombe upande mmoja, watu upande wa pili, na juu dari ya kuwekea nafaka. Mama hakuwepo. Kaka alikuwa machungani. Aliyekuwepo ni wifi yangu, mke wa kaka, amekaa chini karibu na ukuta wa ng'ombe. Nikamsalimia. Hakuitika. Nikamsalimia tena kwa sauti kubwa zaidi, akanitazama, kisha akatazama chini.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilijisemea, haya, siku hizi mtu anatoka safari ya siku mbili na hata kupokelewa mzigo hapokelewi. Nikatua sanduku langu mwenyewe kwa kishindo, nikachota maji mtungini kwa kibuyu, nikanywa yote bila kupumua. Mama aliingia na mzigo wa kuni mgongoni wakati bado nafuta mdomo.

"Umekunywa?" akaniuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimekuuliza, umekunywa?"

"Nimekunywa."

Akatua kuni polepole, akakaa juu ya kigoda. "Basi umeingia," akasema.

Ndipo nikaambiwa. Mtoto wa wifi, mchanga, bado ananyonya, alikuwa amefariki kwa kichomi. Baridi ilikuwa kali mwaka ule na ilimwingia kifuani. Walikuwa wamemzika juzi tu. Mimi sikuwa nimewahi kumwona, habari za kuzaliwa kwake nilizipata kwa salamu, na nguo niliyomnunulia ilikuwa ndani ya begi. Nilisikia aibu kwa kile kishindo cha sanduku, na huzuni ikaja nyuma ya aibu.

Sasa, kwetu Wairaqw, nyumba iliyopatwa na kifo cha namna ile inaingia metimani. Maana yake inajitenga. Watu wake hawaendi kwa majirani na majirani hawaingii kwao. Ng'ombe wanachungwa peke yao. Mkitaka kuzungumza na mtu, mnazungumza kwa mbali, yeye upande wake wa njia, ninyi upande wenu. Inaendelea hivyo mpaka wazee waseme imetosha na nyumba itakaswe. Mama alikuwa akisali kila Jumapili na bado aliushika mwiko huu, wala hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Si adhabu, alikuwa akisema. Ni kulizuia baya lililotupata lisitembee likampata na mwingine. Na aliyekula au kunywa ndani ya nyumba hiyo, naye yumo.

"Mama," nikasema, "kesho nina safari ya shamba la ngano. Nasubiriwa."

"Hakuna kesho."

"Mama, mimi nasomea kemia."

"Najua. Na mimi naishi hapa."

Nilisema mengi jioni ile ambayo sitayaandika. Nilisema kichomi ni ugonjwa, kina dawa, hakirukii kwenye ng'ombe wa jirani kwa sababu mimi nimepanda lori. Mama hakubishana nami juu ya ugonjwa. Aliniuliza kitu kimoja tu: nikiondoka, halafu ndama wa mtu akafa huko juu, au mke wa mtu mimba ikaharibika, itasemwa ni nani aliyeleta? Wewe utakuwa Dar es Salaam, alisema. Kazi za kusaidiana kulima sisi tutaitwa na nani? Nikamgeukia kaka, aliyekuwa amerudi na ng'ombe, anisaidie. Kaka alikuwa kibarua katika mashamba hayo hayo ya ngano, na mavuno yalikuwa yameanza. Alikuwa ameiacha nafasi yake ili akae ndani na mke wake, na hakuwa amemlalamikia mtu. Aliendelea kufunga ndama.

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi sikuyavulia nguo, niliyanywa, lakini ni yale yale.

Siku za mwanzo nilikaa kama mfungwa mwenye kinyongo. Sikumsaidia mama kusaga, sikutaka hata kupelekwa kuona kaburi. Kaka alimpigia kelele mtu mmoja aliyekuwa akipita barabarani apeleke ujumbe wangu kule shambani, na baada ya muda jibu lilirudi kwa njia hiyo hiyo, kwa kupigiwa kelele kutoka ng'ambo ya kijito mpaka mtaa mzima ukasikia: ngano imeanza kuingia, maabara imejaa sampuli, beseni halina nafasi tena. Mlango huo ukafungwa mbele ya majirani wote.

Nilikuwa na kipimajoto ndani ya sanduku. Asubuhi moja nilikitoa kwa hasira tu, nione baridi hii inayotutesa ni ya nyuzi ngapi. Nikakiweka kizingitini: kumi na mbili. Nikaingia nacho ndani, nikakisahau juu ya gogo karibu na ng'ombe wakati nakunywa uji. Nilipokichukua kilikuwa kimepanda mpaka ishirini na zaidi. Nikapanda nacho darini, juu ya moshi wa jiko, kikasoma nyuzi nyingine. Nikakishusha karibu na mafiga, nikakiondoa haraka kisipasuke.

Nilisimama katikati ya nyumba niliyozaliwa ndani yake, nikaitazama kwa mara ya kwanza. Kutoka mlangoni mpaka jikoni zilikuwa hatua chache tu, na katika hatua hizo kulikuwa na joto la kila namna nililolihitaji. Nilicheka peke yangu. Mama akauliza kama nimepata wazimu, nikamwambia bado.

Mrututu na haipo nilikuwa navyo. Maji safi yalikuwa tatizo, kwa sababu maji ya kijito yana chumvi zake na yangeharibu kila kitu. Kaka akatoa chupa za maji ya betri alizokuwa ameziweka kwa ajili ya betri ya redio yake, akanipa bila kuuliza nayafanyia nini. Redio ikanyamaza kwa ajili yangu. Nikatayarisha mitungi midogo ya kioo yenye vifuniko, nikasimamisha vioo ndani, nikaweka mmoja kizingitini, mmoja darini, mmoja kando ya mafiga, na mmoja juu ya gogo upande wa ng'ombe. Nilimwonya kila mtu kwamba mrututu ni sumu, na maji yaliyotumika nilikuwa nikiyamwaga kwenye shimo mbali na malisho. Mama alisema jikoni kwake hakujawahi kuwekwa dawa ya kwato za mbuzi, lakini alisogeza sufuria.

Mtungi wa mafiga uliharibika kama nilivyotegemea. Kabla ya jioni maji yalikuwa meusi, na kioo nilipokipitishia kidole kilibaki cheupe, kidole ndicho kikawa cheusi. Wa kizingitini haukufanya lolote. Siku ya kwanza maji, siku ya pili maji. Wa darini ulianza vizuri, ukapata rangi ya dhahabu upande mmoja, halafu moto ukakolezwa kwa ajili ya ugali na upande wa pili ukashika masizi. Joto la jikoni linapanda na kushuka kila mtu anapopata njaa. Wa kwenye gogo ulikuwa mzuri usiku, ng'ombe wakiwa ndani, lakini wakienda machungani gogo lilipoa na utando ukasimama.

Nilikuwa na mrututu na haipo ya kutosha kurudia mara chache tu, si zaidi. Kila mtungi uliokosea ulikuwa umenipunguzia nafasi, na siku ya kufunguliwa chuo ilikuwa inakuja. Usingizi ulinipotea. Nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa kuku.

Katika siku zote hizo wifi hakusema neno. Alikula kidogo akilazimishwa na mama, alifagia upande wa ng'ombe, kisha alirudi kukaa pale pale ukutani. Mama alisema tumwache. Mimi nilimwacha vizuri sana, kwa sababu nilikuwa na mambo yangu.

Asubuhi moja niliamka nikakuta mtungi wa kwenye gogo haupo. Huo ndio uliokuwa tumaini langu, nilikuwa nimeutayarisha upya jana yake. Nikatafuta chini, nikatafuta nyuma ya gogo, halafu nikauona: umezamishwa mpaka shingoni kwenye samadi, kona ya ndani kabisa, pale samadi ya zamani inapolundikwa kabla ya kutolewa. Umefungwa kitambaa, na umezungushiwa vijiti ng'ombe asiukanyage. Wifi alikuwa amekaa kando yake.

Nilipasuka. Nilimwambia kwamba ule mtungi si wa maziwa, si wa kuchezea. Nikamwambia kila mtu katika nyumba hii ameamua kuniharibia maisha. Nilipaza sauti mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Mama akaja mlangoni na kusimama.

Wifi akasubiri nimalize. Kisha akasema, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa muda mrefu bila kutumika:

"Nimeushika, ulikuwa umepata baridi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu mazishi. Mimi nilisimama pale na mikono yangu iliyokuwa bado juu, nikaishusha. Nilijua mara moja alikuwa amefanya nini, na naamini yeye pia alijua. Hasira yote ilinitoka na sikuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Nikakaa kwenye samadi kando yake, na gauni langu la Dar es Salaam, nikamwambia pole. Nilipaswa kulisema neno hilo siku ile ya kwanza, mara tu nilipoambiwa.

Mtungi niliuacha alipouweka. Nilichomeka kipimajoto kando yake, na kila nilipokichomoa, asubuhi, mchana au jioni, kilisoma karibu mahali pale pale, juu kidogo ya thelathini. Samadi inayooza ndani kwa ndani ina moto wake, haijui mchana wala usiku, haijali kama ng'ombe wapo au wamekwenda. Mimi nilisoma sababu za jambo hilo darasani, na nilikuwa nimepita mbele ya lundo lile kila siku tangu nifike. Wifi hakuwa anatafuta sababu. Alikuwa anatafuta mahali pa joto.

Tulikaa pale pamoja siku ile, na iliyofuata, kwa sababu hakukuwa na mahali pengine pa kwenda. Alianza kuniuliza maneno mawili matatu. Kwa nini maji ni meupe na mrututu ni wa buluu? Nikamweleza. Hicho kioo unakitazama unaona nini? Nikafungua kifuniko kidogo, nikakiinua mpaka kwenye mwanga wa mlango. Utando ulikuwa umeshika kioo kizima sawasawa, rangi ya dhahabu, na ukikiinamisha kinaingia zambarau kama shingo ya njiwa. Nikamwambia apitishe kidole. Akakataa, akaogopa kuharibu. Nikaushika mkono wake, nikaupitisha mwenyewe. Kidole kilitoka kisafi.

Nililia, sioni haya kusema. Wifi naye alilia, lakini chake kilikuwa kilio kingine, na mama alikuja akamchukua, akakaa naye nje juani mpaka kikaisha.

Baada ya hapo kazi ilikwenda. Niliotesha kingine mahali pa juu ya lundo ambapo joto ni dogo, kingine chini zaidi ambapo ni kubwa, na mtungi wa kizingitini niliuvumilia mpaka nao, baada ya siku nyingi, ukatoa utando mwembamba wa manjano uliokaribia kutoonekana. Polepole kabisa, lakini ulishika. Nikawa na vioo vyangu vya joto mbalimbali, vimefungwa kwenye pamba ndani ya sanduku. Kilichobaki ilikuwa kuvifikisha.

Na hapo ndipo palipokuwa pagumu, kwa sababu wazee walikuwa hawajasema. Mfanyabiashara mmoja wa Dongobesh alikuwa akipita na lori lake kununua maharage, na siku hiyo alisimama barabarani akapiga honi, akaita kwa nguvu:

"Mama mwalimu! Kesho asubuhi naenda Mbulu mjini! Utapata basi la Arusha pale pale! Nikupitie?"

Nilihesabu. Nikiondoka kesho, nafika chuo kinafunguliwa. Nisipoondoka, sifiki. Hakuna wa kunizuia kwa nguvu, na mfanyabiashara yule alikuwa Mwislamu mtu wa kuja, mwiko wetu haumhusu. Nikamjibu kwa mbali kwamba nitamwambia asubuhi.

Mama alikuwa ameshasema siku ya kwanza, na si mtu wa kurudia. Nilianza kupanga nguo begini, nikaikuta ile nguo ya mtoto chini kabisa. Nikaifunika haraka, lakini wifi alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Nenda," akaniambia. "Usikae kwa ajili yangu."

"Wakisema?"

"Watasema ni mimi. Wameshasema."

Hapo nikaelewa kitu ambacho katika kelele zangu zote sikuwa nimekielewa. Mama alisema "sisi" kwa adabu. Lakini ndama akifa huko juu, watu hawatamtaja mama, mzee aliyekaa nao miaka yote, wala kaka aliyezaliwa pale. Watamtaja mwanamke aliyeolewa kutoka Endagikot, ambaye mtoto wake alikufa mikononi mwake. Wataanza na hilo na kuendelea nalo mpaka azeeke. Mimi nilijua kwa uhakika wa kitabu kwamba hakumuua mtoto wake na hangeua ndama wa mtu. Uhakika wangu ungeondoka nami ndani ya lori.

Nilimpa ile nguo. Aliishika muda mrefu, kisha akaenda kuiweka mahali pake mwenyewe. Nikatoa vitu vyangu begini kimoja kimoja. Asubuhi nilisimama kwenye ukingo wa shamba letu, nikamwita mfanyabiashara kwamba aende salama. Nilikuwa na hasira, msidhani nilikuwa mtakatifu. Nilikuwa na hasira na mwiko, na wazee, na msimamizi wangu, na baridi iliyoingia kifuani mwa mtoto. Sikuwa na hasira na wifi.

Mnaotaka kujua habari ya shahada, niliipata, msinihurumie. Lakini nafasi ile niliikosa kama nilivyoambiwa. Msimamizi alivipitishia kidole vioo vyangu vyote, hakuna kilichofutika, akanitazama kwa macho mengine. Akauliza joto nililishikaje. Nikamwambia samadi. Akasema vioo ni vizuri lakini samadi haiandikiki, na hata hivyo nafasi ameshampa mwingine. Nikarudi kufundisha. Baadaye nafasi nyingine ilipopatikana nilirudia yote kwenye beseni jipya la umeme, joto kwa joto, na utando ukawa vile vile ulivyokuwa nyumbani. Kwa vijana wenzangu wa maabara niliuita utando wa ng'ombe, wakadhani ni mzaha wa watu wa bara.

Lakini hayo yalikuwa ya mbele. Siku wazee waliposema imetosha, nyumba ilitakaswa asubuhi. Yaliyofanyika siyaandiki, si yangu peke yangu. Yule mfanyabiashara alikuwa amefika tena kununua maharage, na safari hii tulikubaliana: ananisubiri dukani barabarani, lakini si muda mrefu, kwa sababu lazima awahi mjini. Bado nilikuwa na tumaini kidogo kwamba nikikimbia, msimamizi atanihurumia. Kaka alibeba begi akatangulia. Wifi akasema atanisindikiza, akachukua sanduku la vioo, akaliweka kichwani.

Safari hii tulipita njia ya kawaida, ya majirani. Nyumba ya kwanza, mama mmoja mzee alikuwa nje anaanika mtama. Alituona. Aliacha mtama, akaja mpaka njiani, akanipita mimi, mama mwalimu na viatu vyangu, akamshika wifi mkono.

"Shikamoo," wifi akasema.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

Akamuuliza habari za nyumba, za mume, za ng'ombe, za mama mkwe, moja moja, na wifi akajibu moja moja. Nyumba ya pili walitoka wanawake wawili. Ya tatu walikuwa wanatusubiri njiani, na mmoja wao alimtua wifi lile sanduku kichwani ili amsalimie vizuri, kwa mikono yote miwili. Nikasikia honi kutoka barabarani. Nikasikia tena. Kaka akageuka kule mbele akaniita kwa mkono, kwamba njoo, linaondoka.

Mimi najijua. Siku nyingine yoyote ningelinyakua lile sanduku na kukimbia. Nilimtazama wifi, alikuwa amezungukwa, wanamuuliza, anajibu, na mmoja alikuwa bado hajamwachia mkono. Nyumba zilizobaki mpaka dukani zilikuwa nyingi. Nikakaa chini juu ya sanduku langu kando ya njia, nikalisikia lori likipanda kilima kuelekea Dongobesh, njia ya Mbulu mjini, na nikasubiri wamalize kumsalimia.